Kaskazi Ndutu, kusi Mara: kambi ya msimu kando ya ziwa na adabu za mgeni wake

Mtu wa Pwani hafundishwi maana ya msimu. Wazee wetu waliyangoja majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, kuanzia Disemba, na wakayaaga kusi iliposhika. Nahodha aliyezembea hadi upepo ukampita alikaa bandarini mpaka mwaka wa pili. Huko bara nako kuna msafara unaokwenda kwa hesabu kama hiyo, nao ni wa nyumbu. Wakati wa kusi, kati ya Julai na Oktoba, makundi makubwa huvuka na kuingia Maasai Mara upande wa Kenya. Wakati wa kaskazi huwa Ndutu, kaskazini mwa Tanzania, kando ya ziwa la magadi. Miezi hiyo ndiyo kambi za mahema huinuliwa karibu na ziwa hilo, na nyumbu wakiondoka, kambi nazo hung'olewa.

Mwenzetu wa Pwani anayefanya kazi Ndanai, kule Sotik katika kaunti ya Bomet, anaishi jirani na nusu moja ya safari hiyo. Ndanai ni nchi ya chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa, lakini ukielekea kusini unaingia Trans Mara, kisha unafika kwenye mteremko wa Oloololo, na chini yake ndiko Mara. Habari za nyumbu kuvuka mto husikika kila mwaka. Swali ambalo wengi hawalijibu ni hili: wakishatoka Mara huenda wapi, na mtu wa kawaida anaweza kuwafuata? Jibu ni ndiyo, anaweza. Makala haya yanaeleza kwa nini ni Ndutu, kambi ya msimu inaendeshwaje, raha yake ni ipi, hatari yake ni ipi, na ni nani analipa gharama ya raha hiyo.

Kwa nini Ndutu

Ziwa Ndutu liko mahali ambapo mpaka wa Hifadhi ya Taifa Serengeti unakutana na eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Jirani yake ni ziwa dogo jengine, Masek, na maji yakizidi huelekea kwenye bonde la Olduvai. Pembeni mwa maziwa hayo kuna msitu mwembamba wa migunga. Nje ya msitu ni uwanda mtupu, majani mafupi hadi jicho linapochoka.

Uwanda huo ni kazi ya volkano. Kwa maelfu ya miaka milima ya Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao hadi leo bado unatoa moto, imemwaga majivu juu ya ardhi hiyo. Majivu yakashikana chini kuwa tabaka gumu kama saruji. Mizizi ya miti haipenyi, kwa hiyo miti haioti. Yanaota majani mafupi tu, lakini ni majani yenye kalsiamu na fosforasi nyingi, na ndiyo anayohitaji mnyama anayenyonyesha. Uwanda mtupu una faida nyengine: simba hana pa kujificha.

Basi kwa nini wasikae hapo mwaka mzima? Kwa sababu ya maji. Mvua zikikatika, madimbwi hukauka upesi, na maji ya ziwa huzidi kuwa makali kwa magadi. Sisi tuliokulia ufuoni twaielewa hali hiyo: maji tele mbele yako, ya kunywa hakuna. Kwa hiyo mwezi wa Mei nyumbu huanza kuelekea magharibi na kaskazini, na mwisho wa safari ni Mto Mara, ambao hauishi maji wakati wa kiangazi.

Kuzaa nako kuna hesabu yake. Kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, na hasa Februari, nyumbu jike huzaa karibu kwa pamoja, maelfu kwa siku moja. Ndama husimama baada ya dakika chache na kuanza kukimbia pembeni mwa mama yake. Fisi, simba, duma na bweha hushiba, lakini hawawezi kuwamaliza ndama wote waliozaliwa ndani ya wiki tatu. Ndiyo kinga yao.

Kambi inayohama

Kambi ya msimu si hoteli. Haina msingi wa saruji wala kuta. Mahema ya turubai husimamishwa kwenye eneo lililotengwa na mamlaka ya hifadhi, taa ni za nguvu za jua, maji huletwa kwa gari, na maji ya kuogea hupashwa moto na kutiwa kwenye ndoo inayotundikwa juu ya hema. Mwishoni mwa Machi hema hukunjwa, vyoo hufukiwa, taka hubebwa, na kinachotakiwa kubaki ni majani. Baadhi ya kambi hizo hizo utazikuta tena kaskazini mwa Serengeti, karibu na Mto Mara, kuanzia Juni au Julai. Zinafuata nyumbu kama wachuuzi wanavyofuata gulio.

Kuna daraja mbili kubwa. Ya kwanza ni kambi za makampuni, ambazo unakuta kitanda, mpishi na mwenye kukutumikia, na bei yake ni kali. Ya pili ni viwanja vya kupiga kambi ambapo wewe na wenzako mnakuja na mahema yenu, vyakula vyenu na mpishi wenu, baada ya kuweka nafasi mapema. Hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu na mfuko wa familia nyingi za kwetu.

Sababu ya kupenda kambi inayohama si uzuri wa mahema. Ni kwamba ardhi hupata kupumzika. Mahali palipokanyagwa miezi minne hubaki miezi minane bila mtu, majani yakaota tena. Kambi inayogeuka kuwa ya kudumu, ikachimba visima na kujenga uzio, imeacha kuwa mgeni.

Raha yenyewe

Mtu asidhani raha ya Ndutu ni kukimbizana na simba kutwa. Alfajiri, jua likichomoza juu ya uwanda, sauti ya nyumbu husikika kabla hujawaona, mngurumo mzito usiokatika kama wimbi la mbali. Ziwani kuna heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wakichuja chakula kwenye maji ya magadi. Kwenye uwanda kuna korongo weupe waliotoka Ulaya kukimbia baridi, wakiokota panzi. Kwenye migunga kuna twiga. Swala na pundamilia huchanganyika na nyumbu, kila mmoja akila sehemu yake ya jani.

Beba darubini, hata moja ya bei nafuu kwa familia nzima. Beba koti, kwa kuwa Ndutu iko juu sana kuliko Mombasa au Tanga, na usiku baridi huuma. Kaa mahali pamoja saa nzima badala ya kuzunguka. Mtoto aliyeona ndama akizaliwa, akianguka, akisimama na kumfuata mama yake amejifunza jambo ambalo kitabu hakimfundishi. Na ajifunze pia yale machungu: wakati mwengine kundi huvuka maji, ndama wakapoteana na mama zao, na wengine hawatoki.

Mpiga picha Hugo van Lawick, ambaye filamu zake ziliwafanya watu wa dunia nzima wawajue wanyama wa Serengeti, alipiga kambi Ndutu kwa miaka mingi kabla ya kufariki Dar es Salaam mwaka 2002. Kazi yake kubwa ilikuwa kungoja.

Usiku, swala na saumu

Kambi za Ndutu hazina uzio. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumwambia kila mtu katika msafara wenu, mkubwa na mdogo. Fisi hupita kati ya mahema usiku, na simba nao hupita. Hema lililofungwa zipu yake yote ni kinga nzuri. Anayedhurika kwa kawaida ni yule aliyetoka.

Kwa hiyo giza likishaingia, usitembee peke yako, hata hatua ishirini. Kila kambi iliyo sawa ina askari wa zamu. Mwite kwa kurunzi au filimbi mliyokubaliana. Usiweke chakula ndani ya hema, hata biskuti za mtoto. Usiache viatu nje, fisi huvichukua, na asubuhi vikung'ute kabla ya kuvaa kwa sababu ya nge. Usishuke ziwani kwa miguu bila mwongozaji. Nyati hulala msituni na hapendi kushtukizwa.

Kwa Waislamu kuna mambo matatu ya kupanga mapema. La kwanza ni alfajiri. Weka ndoo ya maji na birika ndani ya hema tangu jioni, ili utie udhu bila kutoka gizani, na uswali hapo hapo. Kibla kule ni kaskazini ukielemea mashariki kidogo. La pili ni nyama. Waambie wenye kambi wakati wa kuweka nafasi kwamba mnataka nyama ya halali, wainunue Arusha au Karatu. Ukisema ukishafika porini umechelewa. La tatu ni Ramadhani. Mwaka 2026 na 2027 mwezi mtukufu unaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu wa kuzaa. Msafiri ana ruhusa yake kisheria, lakini anayetaka kufungia nyumbani kwa utulivu na aende mwisho wa Januari, ndama wa kwanza wameanza kuzaliwa.

Gari lako na duma

Hapa raha inaanza kuwa na deni. Duma huwinda mchana, saa zile zile watalii wako njiani. Dereva mmoja akimwona huita wenzake kwa redio, na baada ya robo saa magari yamemzunguka. Duma anayewinda anahitaji kuona mbali na kukimbia bila kizuizi. Akikatizwa, amekosa chakula cha watoto wake.

Hili si hisia tu. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya miaka kadhaa ya kuwafuatilia duma wa Maasai Mara. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, duma jike alikuza kwa wastani watoto 0.2 katika kila uzazi hadi wakajitegemea. Kwenye maeneo yenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Kwa lugha nyepesi: penye magari mengi, duma azae mara tano ndipo apate mtoto mmoja wa kukua. Utafiti haukusema kwamba magari yanawagonga. Kinachodhaniwa ni kwamba mama husumbuliwa, hukosa windo, au hushindwa kuwalinda wanawe.

Upande wa Serengeti gari haliruhusiwi kuacha njia. Upande wa Ngorongoro, eneo la Ndutu, kuna nyakati ruhusa ya kuacha njia hutolewa kwa masharti, na hapo ndipo msongamano huwa mkubwa. Mwongozaji hufanya kile anachodhani kitamfurahisha mteja, kwa kuwa bahashishi yake iko mkononi mwa mteja. Basi mwambieni mapema, kwa heshima: "Kaka, tukikuta magari matano kwa duma, tupite." Mteja akisema hivyo, dereva hupata nguvu ya kukataa.

Wenye ng'ombe

Kuna watu ambao nyumbu wana deni kwao. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiohesabika, na wafugaji wakafa kwa njaa. Ugonjwa ulikaa miaka mingi ukirudi kwa ndama wa nyumbu. Ulipoanza kudhibitiwa ilikuwa kwa kuchanja ng'ombe, si nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa kama 250,000. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kwisha duniani. Umati ule unaoupiga picha Februari ulitokana na sindano iliyopigwa kwenye zizi la mfugaji.

Tena, ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye lakini huua ng'ombe. Kwa sababu hiyo Wamaasai kwa desturi huondoa ng'ombe wao kwenye uwanda wakati wa kuzaa, wakayaacha majani mazuri kuliko yote kwa nyumbu. Wa kwanza kumpisha mnyama huyu alikuwa mfugaji.

Sasa mfugaji huyo anaambiwa amezidi. Mwaka 1959, Serengeti na Ngorongoro zilipotenganishwa, Wamaasai waliotolewa Serengeti waliruhusiwa kuishi Ngorongoro na mifugo yao. Tangu Juni 2022 serikali ya Tanzania imekuwa ikiwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, yaani kwetu. Serikali inasema wanahama kwa hiari, wanapewa nyumba na mashamba, na kwamba watu na mifugo wamekuwa wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wanasema huduma zimepunguzwa hadi mtu anajiona hana budi. Agosti 2024 wakazi waliandamana kwa siku kadhaa kwenye barabara ya watalii.

Mwenye macho haambiwi tazama. Sisi ambao tumeona njia za kwenda ufuoni zikizibwa na kuta za hoteli, na bandari za wavuvi zikigeuka viwanja vya watu, hatuwezi kusema jambo hili halituhusu. Kama ardhi imechoka, basi hesabu iwekwe kwa wote: ng'ombe wahesabiwe, na kambi na magari nayo yahesabiwe. Haki haiwi haki ikimpima mwenyeji pekee.

Simaanishi tusiende. Namaanisha twende tukiuliza. Iulize kambi imeajiri wangapi kutoka vijiji vya hapo. Uliza taka na maji machafu yanakwenda wapi, na kambi inang'olewa lini. Ukipita Karatu au kwenye boma, nunua kwa mwenyeji mwenyewe. Kambi isiyo na la kuficha itakujibu.

Hesabu ya safari

Kutoka Mombasa njia ni Voi, Taveta, Holili, Moshi hadi Arusha. Kutoka Tanga ni Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha. Baada ya Arusha ni Mto wa Mbu, Karatu, lango la Loduare, ukingo wa kreta, kisha kushuka uwandani. Usijaribu kwa siku moja. Lala Arusha au Karatu.

Mkenya achukue pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni vya chini mno kuliko vya wageni wa nje. Kinachokula pesa ni gari na kambi. Gari moja la safari huchukua watu sita au saba, kwa hiyo gharama ya mtu mmoja hupungua mkijaa. Familia mbili au chama cha akina mama kikichanga tangu Machi, Januari si mbali. Tumieni dawa za malaria kwa ushauri wa daktari. Na msiende Aprili na Mei: mvua ya masika hugeuza njia kuwa tope, na kambi nyingi zimeshakunjwa.

Aliye Ndanai na asiyeweza kufika Ndutu, angoje kusi ashuke Kilgoris na Lolgorian hadi Mara. Atawakuta nyumbu wale wale, na ndama wa Februari wamekuwa wakubwa wa kuvuka mto.

Na mto huo unatoka kwao. Mara huanzia msitu wa Mau kwa mito miwili, Amala na Nyangores, na huo Nyangores hupita maporomoko ya Tenwek na mji wa Bomet kabla ya kufika kwa nyumbu. Msitu ukikatwa Mau, kiangazi kitamkuta nyumbu mtoni hakuna maji. Uwanda wa Ndutu ukijaa kambi zisizong'oka, hatakuwa na pa kuzalia. Nyumbu wa Athi-Kaputiei, kusini mwa Nairobi, nao walikuwa na msafara wao; ua, barabara na majumba vimewafanya wakaribie kutoweka. Msafara wa aina hii hauvunjiki kwa siku moja wala kwa mkono wa mtu mmoja. Huvunjika kwa kila aliyeingia akasahau kutoka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambi ya msimu imewekwa juu ya hekima hiyo: ifike kwa wakati, itumie kwa kiasi, na iondoke majani yakiwa bado yana uhai.